Klorini Katika Sura Tatu: Elementi, Kampaundi na Mchanganyiko



Katika darasa la ziada la kemia ambalo jumuiya yetu huliendesha Jumamosi baada ya Alasiri, swali moja hurudi kila muhula: nitajuaje kwamba kitu hiki ni elementi, au kampaundi, au mchanganyiko tu? Wengi wanaouliza wamekwisha kuzihifadhi maana zote tatu, na wanazisema bila kukosea neno. Wawekee mezani kijiko cha chumvi, chupa ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe na bangili ya dhahabu, ndipo utakapoona wanatazamana. Kwa hiyo safari hii sianzi na maana. Naanza na chumvi, nayo itatufikisha mpaka vyoo vya hosteli, mahali ambapo kulikosea somo hili kunaweza kumlaza mtu hospitali.

Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini. Sodiamu ikiwa peke yake ni metali laini ambayo unaikata kwa kisu. Maabara huihifadhi ndani ya mafuta, kwa sababu ikigusa maji hutoa haidrojeni kwa kishindo na mara nyingi huwaka. Klorini ikiwa peke yake ni gesi ya rangi ya kijani-manjano inayounguza koo na mapafu. Mwezi wa Aprili 1915, huko Ypres, Ubelgiji, jeshi la Ujerumani liliifungulia gesi hii iende na upepo, ikaua askari wengi ndani ya mahandaki yao. Hizo ni elementi mbili, maana kila moja ina atomi za aina moja tu. Zikiungana tunapata unga mweupe ambao mama anauonja kwa ncha ya ulimi kabla hajautia kwenye maharage.

Hapo tuseme jambo ambalo vitabu vingi hulipitia haraka mno. Katika kampaundi, elementi haziendelei na tabia zake za zamani. Hakuna kipande kidogo cha gesi ya sumu kilichojificha ndani ya chumvi yako. Pili, kampaundi ina uwiano usiobadilika: katika kila gramu 58.5 za sodiamu kloridi safi, gramu 23 ni sodiamu na gramu 35.5 ni klorini, iwe imetoka Bahari ya Hindi, ziwani au maabara. Ukiweka sodiamu zaidi ya inayotakiwa, ile ya ziada itabaki kuwa sodiamu. Haikubaliwi ndani.

Klorini yenyewe iliwahi kuwachanganya wakubwa wa fani hii. Scheele wa Sweden aliipata mwaka 1774, na kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba ni kampaundi yenye oksijeni ndani yake. Humphry Davy alijaribu kuitoa oksijeni hiyo, hata kwa kuipitisha gesi kwenye mkaa uliowashwa kwa umeme, asipate kitu. Mwaka 1810 akatangaza kwamba klorini ni elementi. Miaka 36! Basi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asione haya kwa kusitasita dakika mbili.

Sasa twende Katwe, magharibi ya Uganda, kwenye ziwa la volkeno ambalo watu wamelivuna chumvi kwa vizazi vingi. Ndugu zetu wa Kasese wanaijua kazi hiyo: mashamba madogo ya maji kando ya ziwa, jua linakausha, chumvi inabaki, na wanaume wanaoingia ndani ya ziwa kung'oa mawe ya chumvi kutoka chini. Maji yale yana sodiamu kloridi, sodiamu salfeti na sodiamu kaboneti, yaani ileile tunayoiita magadi. Kila moja kati ya hizo tatu ni kampaundi. Zikikaa pamoja ni mchanganyiko. Hazijaungana, zimekutana tu, kama abiria wa basi moja. Ndiyo maana chumvi inayotoka pale si ya daraja moja: ile iliyo safi zaidi hupelekwa jikoni, na mawe hupewa ng'ombe. Kampaundi haina daraja la kwanza na la pili. Ukisikia mtu anapanga daraja za kitu kwa usafi wake, jua kwamba anazungumzia mchanganyiko.

Unaweza kulijaribu hili chumbani. Kamulia ndimu juu ya chumvi ghafi iliyo na magadi, itachemka povu, kwa kuwa asidi ya ndimu inaitoa kaboni dioksidi kutoka kwenye kaboneti. Kamulia juu ya sodiamu kloridi safi, hutaona kitu. Na ile chumvi ya dukani iliyoandikwa kwamba ina iodini? Nayo ni mchanganyiko, ingawa macho yanaona kitu kimoja cheupe. Kiasi kidogo sana cha kampaundi yenye iodini, mara nyingi potasiamu iodeti, kimechanganywa humo ili kutukinga na ugonjwa wa tezi la shingo. Kuonekana sawasawa kote si ushahidi wa kampaundi. Hewa haionekani hata kidogo, nayo ni mchanganyiko: takriban asilimia 78 nitrojeni, 21 oksijeni, na inayobaki ni argoni na nyinginezo.

Mitego miwili ya mtihani niitaje upesi. Oksijeni tunayovuta ina atomi mbili zilizoshikana, lakini zote ni za oksijeni, kwa hiyo ni molekuli ya elementi, si kampaundi. Na dhahabu ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu katika 24, zilizobaki ni metali nyingine kama shaba na fedha. Sonara akitaka anatengeneza ya 21 au 22. Uwiano unaobadilika kwa matakwa ya sonara hauwezi kuwa wa kampaundi.

Tuingie chooni. Siku za usafi hosteli utakuta mtu ameshika dawa ya kung'arisha nguo mkono mmoja na dawa ya kusugulia choo mkono mwingine, na hoja yake ni kwamba dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Ile ya kwanza ni mchanganyiko wa maji na sodiamu haipokloriti. Ile ya pili, katika aina nyingi, ni maji yenye asidi ya haidrokloriki. Yeye anadhani anachanganya, kama anavyochanganya maji na sukari. Lakini vitu hivi havikai kama abiria. Vinamenyukiana mara moja, na kinachotokea ni chumvi ya kawaida, maji, na klorini. Klorini ileile ya Ypres, sasa ikiwa elementi tena, huru, ndani ya chumba cha mita mbili chenye kidirisha kimoja cha juu. Na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, haikimbilii dirishani. Inatanda chini, pale alipoinama anayesugua.

Siki na maji ya ndimu yakikutana na dawa hiyo hufanya vilevile kwa kiasi chake. Dawa zenye amonia hutoa gesi nyingine, kloramini, nazo huumiza mapafu. Ukisikia harufu kali ya ghafla, au macho yakaanza kutoa machozi, usimwage kitu kingine juu yake ukidhani unakipoza. Toka, acha mlango wazi, kaa penye hewa safi, na uwazuie wengine kuingia. Kikohozi au kubanwa kifua kukiendelea, nenda zahanati ukamwambie mganga ni vitu gani vilivyokutana. Jina la kiwandani halitoshi sana. Soma kilichoandikwa nyuma ya chupa.

Kwa Jumamosi ijayo, kila mmoja aje na daftari akiwa amepanga hivi: maziwa, almasi, magadi safi, soda iliyofunguliwa, waya wa shaba, moshi wa mkaa, maji ya mvua. Kwa kila kimoja aandike pia njia ambayo angeitumia kuvitenganisha vilivyomo, na kama haiwezekani bila mmenyuko, aseme kwa nini. Maji ya mvua tutayabishania, najua.