Kuhara Damu kwa Kuku: Tibu Banda Zima, Si Kifaranga Mmoja

Msimu wa mvua ndefu, kati ya Machi na Mei, huwa mgumu kwa wafugaji wa kuku Riruta Satellite. Kwenye ploti nyingi banda ni moja tu nyuma ya nyumba: kuku wanaotaga, wanaokua na vifaranga hulala pamoja. Maranda yakilowa, ugonjwa wa koksidiosisi huenea, na wanaokufa zaidi ni vifaranga wa wiki 3 hadi 6.

Ugonjwa huu huletwa na vimelea viitwavyo Eimeria, vinavyoshambulia utumbo. Mayai yake hutoka na kinyesi, na penye joto na unyevu huwa tayari kuambukiza baada ya siku 1 au 2. Kuku mkubwa aliyewahi kuugua hupata kinga, lakini anaweza kuonekana mzima huku akiendelea kuyasambaza. Ndiyo maana kumtibu kifaranga mmoja hakutoshi: akipona, anarudi kwenye uchafu uleule.

Dalili

Kifaranga hujikunyata, mbawa hulegea, manyoya husimama, na kinyesi huwa na damu. Kinyesi cha kijani pamoja na shingo kupinda huashiria kideri, ambacho hakitibiki kwa dawa hii. Penye shaka, daktari wa mifugo apasue kuku aliyekufa.

Matibabu

1. Nunua dawa ya amproliamu kwenye duka la agroveti. Pima kulingana na maelezo ya pakiti, kwa kuwa nguvu ya poda hutofautiana.

2. Weka dawa kwenye maji. Kuku mgonjwa huacha kula mapema, lakini bado hunywa. Wape kuku wote, wakubwa kwa wadogo, wala wasipate maji mengine. Changanya upya kila siku.

3. Kamilisha siku zote zilizoandikwa, hata damu ikikoma mapema.

4. Usichanganye na vitamini. Amproliamu hufanana na vitamini B1, hivyo huvinyima vimelea kirutubisho hicho. Ukiongeza vitamini unavilisha. Zitoe baada ya tiba.

5. Soma muda wa kusubiri kabla ya kula au kuuza mayai na nyama. Dawa za salfa zisipewe kuku wanaotaga mayai ya kuliwa.

Kinga

Ondoa maranda yaliyolowa na utandaze makavu. Dawa nyingi za kuua viini haziui mayai ya Eimeria. Ukavu, jua na maji yanayochemka husaidia zaidi. Inua vyombo vya maji visichafuliwe na kinyesi, na watenge vifaranga, hata kwa wavu tu. Anza kuwahudumia vifaranga, kisha wakubwa, ili viatu visirudishe ugonjwa.

Sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 inatambua kilimo na ufugaji mjini. Mfugaji anayepoteza vifaranga aone afisa wa mifugo mapema, kabla banda halijabaki tupu.