Kabla Kikundi Hakijanunua Korneti ya Zamani



Mwaka jana kikundi kimoja tunachokitembelea kilituomba ushauri. Walitaka kufufua bendi ya kupiga kwenye harusi, matanga na sherehe za shule, ili mfuko upate chochote. Mzee mmoja kati yao alipiga korneti akiwa shuleni, akaacha yapata miaka arobaini. Sasa amestaafu na hamu imemrudia. Jirani alikuwa na korneti ya zamani sandukuni, inang'aa kama mpya, akaitisha shilingi 30,000. Mweka hazina alikuwa ameshatoa pesa benki. Tukawaambia, ngojeni kwanza, twende tuione.

Hebu tujifunze pamoja mambo tuliyoangalia siku ile.

Jiulizeni kwanza, kwa nini chombo kimehifadhika hivyo? Pengine mwenyewe alikitunza. Pengine hakuna aliyeweza kukitumia. Zamani bendi za Uingereza, pamoja na zile za Jeshi la Wokovu, zilipiga kwa sauti ya juu kuliko ya siku hizi. Noti ya A ilikuwa na mitetemo kama 452 kwa sekunde, badala ya 440. Tofauti hiyo ni karibu nusu ya hatua iliyopo kati ya kibonyezo kimoja cha kinanda na kinachofuata. Viwanda vya Uingereza viliacha kutengeneza ala za namna hiyo katikati ya miaka ya 1960. Jeshi la Wokovu, lililofika Kenya mwaka 1921, lilikuwa hata na kiwanda chake huko St Albans hadi 1972. Kwa hiyo korneti ya Uingereza iliyotengenezwa kabla ya miaka hiyo yaweza kuwa ya sauti ya juu. Ukiipiga peke yake ni tamu. Ukiipiga pamoja na kinanda au tarumbeta mpya, watu wanaziba masikio! Kuvuta bomba la kurekebishia sauti kunasaidia kidogo, lakini noti zingine zinapotea. Tulitumia programu ya simu ya kupimia sauti, na dakika moja ikatosha. Korneti ya jirani ilikuwa ya zamani zile.

Tukaendelea kuikagua, maana wanakikundi walitaka kujua. Pistoni zake tatu zilishuka na kurudi vizuri. Kila pistoni ina namba yake na nyumba yake, msizibadilishane. Kuna jaribio rahisi: bila kubonyeza pistoni, vuta polepole kibomba chake. Kikitoka kwa ghafula na kutoa mlio wa "pop", hewa haivuji. Kikitoka kimya, huenda pistoni imelika. Springi, kizibo na kitambaa cha ndani ni vitu vidogo, vinabadilishwa. Pistoni iliyolika ni kazi ya fundi wa ala hasa. Fundi wa jua kali anaweza kuunga bomba kwa lehemu, lakini pistoni asiisugue kwa msasa hata kidogo.

Halafu tazameni rangi. Shaba njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Mate yakikaa ndani miaka mingi, zinki inaliwa na chuma kinabaki dhaifu. Huonekana kama madoa ya rangi ya waridi, mara nyingi yenye kitone cheusi katikati, hasa kwenye bomba la karibu na mdomo. Hayo hayatoki kwa kusugua. Mbonyeo kwenye ule mdomo mpana wa mbele si neno sana. Mbonyeo kwenye nyumba ya pistoni ni hasara.

Sasa, huyu mzee wetu. Alipuliza, sauti ikatetemeka, akasema korneti ni mbovu. Tukampa tarumbeta ya kijana wa bendi ya jirani, nayo ikatetemeka vile vile. Midomo iliyopumzika miaka arobaini haiwezi kuhukumu ala. Aliona haya kidogo, lakini tulicheka naye. Tangu hapo kijana yule ndiye anayejaribu kila ala, na mzee anajizoeza dakika kumi asubuhi, kumi jioni, akipumzika katikati. Kipande cha mdomoni kinaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kila anapompokeza mwingine.

Pesa zilirudi benki. Mwenye korneti hakufurahi, na mwenyekiti alilazimika kwenda kwake mara mbili kumtuliza. Miezi minne baadaye walipata nyingine, imebonyea mbele na haina rangi ya kupendeza, lakini inalingana na kinanda. Walilipa 11,000.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

Ni nani kati yenu anayeweza kukagua chombo kabla ya kununua? Kama hayupo, mtamwita nani, na nauli yake italipwa na nani?

Je, mweka hazina wenu anaruhusiwa kutoa pesa kabla ya ukaguzi?

Ala ikinunuliwa, italala kwa nani?