Kianzio cha Fundi: Kiasi Gani?

Wanachama wetu, msimu ukiisha na fedha za karafuu zikishapokewa, wengi wetu huwaza nyumba: mabati yaliyoshika kutu, ukuta uliopasuka, chumba cha kijana atakaye kuoa. Somo letu la safari hii ni juu ya fedha anazopewa fundi kabla hajaanza kazi.

Kisa kilichotusukuma kuandika kimetoka mbali, Mkoa wa Geita. Mwenzetu mmoja alimpelekea mwanawe, aliyehamia Katoro kwa biashara, fedha za msimu mzima ili ajenge nyumba ndogo. Kijana akapatana na fundi ujira wa Shs. 1,500,000/-, akampa Shs. 1,000,000/- siku ile ile, maana fundi alisema vibarua hawaji bila ya fedha. Msingi ukachimbwa siku tatu. Siku ya nne pakavuma habari kwamba dhahabu imeonekana porini. Fundi na vibarua wake wakabeba sururu wakaenda zao. Hawajarudi.

Huko hili si ajabu. Nchi ile, toka Kahama mkoani Shinyanga mpaka Geita, ina migodi mikubwa, kama wa Geita ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2000 na wa Bulyanhulu mwaka 2001. Lakini wamo pia wachimbaji wadogo wengi mno, na dhahabu ikigunduliwa mahali watu humiminika. Wenyewe huita "rashi". Mwashi wa leo kesho ni mchimbaji. Wala tusiwacheke: hapa kwetu fundi huiacha nyumba haina paa akaenda kuchuma karafuu, kwa kuwa mchumaji hulipwa papo hapo.

Basi kosa la kijana halikuwa kumwamini mtu. Kosa ni hesabu. Fundi alibakiwa na Shs. 500,000/- tu za kudai, na mbele yake kazi karibu yote. Arudi kufuata nini?

Kwanza yatupasa kutenga vifaa na ujira. Saruji, mabati na mbao nunua mwenyewe, risiti iwe kwa jina lako, na vitu vilale kwako. Shinyanga ni nchi kavu na mbao nyingi za kupaulia hutoka mbali. Fundi akisema lazima ziagizwe mapema, fuatana naye dukani ukalipe wewe.

Ujira ndio wenye kianzio, nacho kitoshe chakula cha vibarua na kuleta zana, basi. Twaona sehemu moja ya kumi yatosha, na kwa fundi usiyemjua isizidi moja ya tano. Huko California, Marekani, sheria inamkataza kontrakta wa kutengeneza nyumba kuchukua kianzio kinachozidi asilimia 10 ya bei au dola 1,000, kile kilicho kidogo. Kwa ujira wa kijana wetu kianzio kingekuwa Shs. 150,000/-, msingi ukiisha 300,000/-, kuta zikifika linta 450,000/-, paa likiezekwa 300,000/-, lipu na sakafu 150,000/-, na 150,000/- za mwisho zingoje mvua ya kwanza ituonyeshe kama paa halivuji.

Lakini fundi naye ana watoto. Hatua ikiisha leo, mlipe leo. Wako wenye nyumba wanaomzungusha fundi wiki tatu, kisha wakashangaa akiwakimbia.

Wengine wametuuliza kama hii ndiyo arbuni. Maulamaa wengi, wa Kishafii wakiwamo, wameikataa arbuni ya mauzo, ambayo mnunuzi akighairi huipoteza. Wa Kihanbali wameikubali. Kianzio chetu si hicho. Ni sehemu ya ujira, na kazi isipofanywa hurudishwa. Yaandikwe hivyo.

Kuandikiana deni na kuweka mashahidi tumefundishwa tangu chuoni, katika aya ya 282 ya Suratul Baqara. Bara, watu huandikiana mbele ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Sheria ya Mikataba ya huko, Sura ya 345, kifungu cha 73, humpa fidia aliyevunjiwa mapatano, lakini kwanza athibitishe kwamba yalikuwapo. Kijana wa Katoro anao ujumbe wa simu tu, unaoonyesha fedha zilikwenda. Hausemi zilikuwa za nini.

Mfano wa karatasi ya mapatano uko ofisini kwetu. Mwanachama atakaye nakala aje nayo kadi yake, na mwenye mtoto bara achukue mbili.