MOSHI WA JIKONI NA KIFUA CHA MTOTO



Hapa Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero, akina mama wengi hutuletea mtoto anayekohoa wakisema, "Tabibu, baridi imemshika." Ukiuliza wanapikia nini, jibu ni kuni au mkaa. Ukiuliza mtoto anakaa wapi mama akipika, jibu ni mgongoni. Leo tuone moshi huo unafanya nini kifuani.

Chembe zisizoonekana

Moshi una chembechembe ndogo mno. Ukigawa milimita moja vipande 1,000, chembe zinazohofiwa zaidi hazizidi vipande 2.5. Vumbi la barabarani hunaswa puani, nasi tukitia udhu na kupandisha maji puani, sehemu kubwa hutoka. Chembe za moshi hupita hapo zikafika ndani kabisa ya mapafu.

Zinavyoharibu

Njia ya hewa imetandikwa seli zilizoshikana kama matofali ya ukuta. Kinachozishikanisha ni protini, na karibu kila kazi ya seli hufanywa na protini. Watafiti wamezikuza seli za binadamu maabara, wakazitia chembe za hewa chafu, wakaona haya:

1. Protini zinazoshikanisha seli hupungua. Ukuta hupata nyufa, na vijidudu hupata njia.

2. Protini za ute huongezeka. Kifua hujaa makohozi.

3. Seli hutoa protini za kuita askari wa mwili, mfano interlukini-8. Wakiitwa kila siku, kifua huwa na uvimbe usiokwisha.

4. Protini nyingine huharibika umbo, zikashindwa kazi yake.

Ndiyo maana dawa ya kikohozi haitoshi ikiwa mtoto anarudi kwenye moshi ule ule. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5.

Na udi je?

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walitangaza matokeo ya kuweka seli za mapafu kwenye moshi wa udi unaotumika Falme za Kiarabu. Seli zilionyesha dalili za uvimbe. Hatusemi udi uachwe. Fukiza madirisha yakiwa wazi, na watoto wachanga na wenye pumu wakiwa nje.

Tufanye nini?

- Mtoto abaki barazani na bibi au dada yake, si mgongoni mwa mpishi.
- Tumia kuni kavu. Pikia nje, au jikoni penye madirisha mawili yanayopitisha hewa.
- Loweka maharage usiku na funika sufuria, ili moto uwake muda mfupi.
- Pumba za mpunga zisichomwe karibu na nyumba.

Enyi akina baba, hili si la mama peke yake. Matumizi ya nyumba yako juu yetu, na dirisha la jiko au mtungi wa gesi ni katika matumizi hayo.

Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, au mbavu zikibonyea, au akishindwa kunyonya, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje kesho.

Tukutane toleo lijalo, Inshaallah.