Kutunza Deilili ya Majani ya Mistari

Deilili ni ua la bustani linalojulikana kwa jambo moja: kila ua huchanua asubuhi na kunyauka jioni ya siku iyo hiyo. Hata hivyo, kikonyo kimoja hubeba matumba mengi, hivyo mmea huweza kuchanua kwa majuma kadhaa. Ipo aina ambayo majani yake yana mistari ya kijani na nyeupe. Inayojulikana zaidi ni Kwanso, yenye asili ya Japani na maua ya rangi ya chungwa yaliyopangana kwa tabaka.

Mkulima wengi hupoteza mistari hiyo bila kujua sababu. Sehemu nyeupe ya jani haina klorofili, kwa hiyo haitengenezi chakula. Mara kwa mara mmea hutoa chipukizi la kijani kitupu. Chipukizi hilo hupata chakula kingi, hukua haraka na kuwasonga wenzake. Likiachwa, baada ya misimu michache kichaka chote huwa cha kijani.

Kupanda

Mwanzo wa mvua ndio wakati mzuri: Machi hadi Aprili, au Oktoba. Chagua mahali penye jua la asubuhi na kivuli chepesi mchana, kwa kuwa jua kali huchoma sehemu nyeupe. Udongo usituamishe maji. Changanya na samadi iliyooza vizuri. Shingo ya mmea, pale majani yanapokutana na mizizi, ifunikwe kwa udongo wa sentimita 2 hadi 3 tu. Acha nafasi ya sentimita 45 hadi 60 kati ya miche.

Kutunza

1. Mwagilia shinani, si juu ya majani, hasa wakati matumba yanatokea.
2. Tandaza nyasi kavu kuhifadhi unyevu, lakini zisiguse shingo ya mmea.
3. Kagua kichaka kila mwezi. Ukiona chipukizi la kijani kitupu, fukua udongo na uling'oe pamoja na mizizi yake. Kukata majani pekee hakusaidii, kwani litachipuka tena.
4. Unga wa rangi ya chungwa chini ya majani ni dalili ya kutu. Kata majani hayo na uyaondoe bustanini.

Kuongeza miche

Kwanso haizai mbegu. Anayeuziwa pakiti ya mbegu kwa jina hilo anapoteza pesa zake. Miche hupatikana kwa kugawanya kichaka kila baada ya miaka 3 hadi 5. Ng'oa kichaka chote na ukitenganishe kwa mikono au kisu safi, kila sehemu ikiwa na majani na mizizi. Panda zile tu zenye mistari iliyo wazi. Chipukizi jeupe kabisa lisipandwe peke yake, kwa kuwa haliwezi kujilisha. Anayenunua nasari naye akague mche kabla ya kulipa: kila chipukizi liwe na mistari.

Tahadhari

Deilili ni sumu kwa paka. Akila jani au ua, figo zake zinaweza kufeli. Mwenye paka apande mbali na nyumba au achague ua lingine, na paka aliyekula apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja bila kungoja dalili.

Machipukizi ya kijani yaliyong'olewa yasitupwe kando ya mto au barabara. Deilili ya kawaida huenea kwa mizizi, na kipande kilichotupwa kinaweza kushika na kusonga mimea mingine. Yaanike juani hadi yakauke kabisa, kisha yatiwe kwenye shimo la mboji.

Kwa ushauri zaidi, wakazi wanahimizwa kumwona afisa wa kilimo wa wadi yao.