Risasi Ardhini na Dawa ya Kuinasa: Nasaha kabla ya Masika

Wakati huu ambapo kaskazi inalegea na mawingu ya masika yanaanza kujikusanya, wakulima wa mboga wa Boko, na jirani zao wa Bunju, Tegeta na Mabwepande, aghalabu huniuliza habari za miche na samadi. Lakini suala lililotangulia mengine safari hii ni la dawa: je, ni kweli kwamba ipo dawa ya kumwaga shambani, ukapanda mmea juu yake, hata metali za risasi na kadimi zilizomo ardhini zikapanda majanini, mkulima akazikata na kuzitupa?

Naam, ni kweli, ila nasaha yangu ni kwamba dawa hiyo haifai kwa shamba la Boko, khususan katika majira haya.

Risasi haiozi wala haisafiri mbali. Ikishaanguka hushikamana na udongo wa juu na kukaa humo vizazi kwa vizazi. Petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, ilhali vumbi lake lingalipo kandokando ya barabara kongwe, na ya Bagamoyo ni mojawapo. Kadhalika palipovunjwa betri chakavu, au palipochomwa nyaya ili kupata shaba, pana haja ya hadhari. Kwa upande wa mjini, Bahemuka na Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha mwaka 1999 vipimo vya kadimi, shaba, risasi na zinki katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Kwa hiyo jambo hili si geni kwetu.

Mimea ivutayo metali ipo: haradali ya Kihindi, alizeti, hata mchicha, ambao wataalamu huutaja kwa kuvuta kadimi, nao ndio tunaoula! Lakini risasi ni shupavu. Tabaka la udongo la sentimita 20 katika ekari moja lina uzito wa takriban tani 1,000; ukitaka kupunguza miligramu 100 za risasi katika kila kilo ya udongo huo, inakulazimu kutoa kilo 100 za risasi, na hali tani 4 za majani makavu yenye miligramu 100 kwa kilo zitakutolea gramu 400 tu. Hayo ni mavuno 250.

Ndipo ilipoingia dawa yenyewe, EDTA, ambayo madaktari pia huitumia kuwatibu waliodhuriwa na risasi: huibana chembe ya metali kama gando la kaa, ikaachana na udongo, ikayeyuka majini na kufuata njia ya mizizi. Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani walipochapisha kwamba haradali iliyotiliwa dawa hiyo imekusanya risasi zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake mkavu, mavuno 250 yalionekana kugeuka kuwa matatu, na tamaa ikawa kubwa.

Walakini mmea hunywa sehemu ndogo tu ya kilichoyeyushwa, na dawa yenyewe huchelewa kuoza. Ardhi yetu ya mchanga juu ya matumbawe hupitisha maji upesi. Mvua kubwa ikinyesha wiki moja baada ya dawa, risasi iliyokuwa imetulia itateremka visimani, nacho kisima hakifyekwi. Tena chokaa ya matumbawe nayo huishika dawa, ikakulazimu kununua zaidi.

Wenzetu wa Lubumbashi, nchini Kongo, ambako uyeyushaji wa shaba ulioanza mwaka 1911 uliacha ardhi tupu, wametufundisha njia nyingine: watafiti wa chuo kikuu cha huko walitia chokaa na mboji, wakapanda nyasi za kienyeji zinazostahimili shaba, ili metali itulie mahali pake na vumbi lisipeperuke. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda.

Basi kabla ya mvua, chukua udongo wa juu katika pembe mbalimbali za shamba, uuchanganye, uupeleke kupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali au maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Ikidhihirika kwamba risasi imezidi, ongeza mboji na samadi kwa wingi, na chokaa iwapo tu udongo ni mchachu. Panda bamia, biringanya au nyanya chungu badala ya mchicha na matembele, kwa kuwa risasi hufika kwa shida kwenye tunda. Tandaza nyasi kavu chini ya mimea ili matone ya mvua yasirushe tope majanini. Sehemu iliyochafuka mno iachie maua au miti ya mbao, na majani yatokayo humo usimpe mbuzi, usiyachome, wala usiyatie katika lundo la mboji.

Mwenye kisima karibu na mahali hapo naye achukue chupa ya maji yake, aipeleke pamoja na udongo.