Kuweka Upya au Kurejesha? Dhana ya Mipangilio ya Tarakilishi

Makala haya yananuia kutofautisha dhana mbili zinazochanganywa mara kwa mara: kurejesha mipangilio ya awali ya tarakilishi na kufuta diski. Tofauti hii si ya istilahi tu. Mwanafunzi wa Murera, katika eneo la Ruiru na Thika, akimwambia fundi "iweke upya", naye fundi akaelewa "futa yote usakinishe upya", tasnifu isiyo na nakala itapotea.

Mipangilio ya msingi huhifadhiwa nje ya diski. IBM ilipotoa PC AT mwaka 1984, tarehe, saa na orodha ya vifaa viliwekwa katika kumbukumbu ya CMOS yenye baiti 64 tu, iliyotegemea betri. Tarakilishi nyingi za mezani zilizofuata hutumia betri ya CR2032, yenye volti 3. Betri hiyo ikichoka, mashine husahau saa kila umeme unapokatika.

Dalili nazo zina majina yake. Mashine huganda kishale kisiposogea. Huzimika inapokata kazi ghafla. Hujiwasha upya inapoanza tena bila kuamriwa. Iwapo chanzo ni mipangilio mibaya, kwa mfano kumbukumbu kulazimishwa kasi isiyoimudu, kurejesha mipangilio hufaa. Joto, vumbi na diski mbovu havitibiki hivyo.

Utaratibu ni huu. Kwanza, kazi inakiliwe kwingine na mipangilio iliyopo iandikwe. Pili, mashine inapowaka, kitufe cha F2 au Delete, kutegemea aina yake, hufungua menyu ya mipangilio. Hapo huchaguliwa ile ya kiwandani na kuhifadhiwa. Menyu ya tarakilishi ya mezani isipofunguka, mashine huzimwa, waya wa umeme ukachomolewa, betri ikatolewa kwa dakika chache. Mashine za kisasa huweza kuhifadhi mipangilio bila betri, hivyo maelekezo ya mtengenezaji yafuatwe. Diski iliyofungwa kwa ufunguo wa siri huenda ikadai ufunguo wa uokozi, uwe tayari.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ithibati kwamba Kiswahili kinaimudu tarakilishi. Kinachohitajika ni usahihi. "Kuweka upya" hakutaji kinachowekwa. "Kurejesha mipangilio ya awali" hutaja. Kwa hiyo agizo salama kwa fundi ni: rejesha mipangilio, diski usiiguse.